Mchoraji na Miguu ya Farasi

Je, mtu aweza kutoa ushuhuda usio wa kweli, naye ni mwaminifu? Hatusemi juu ya yule aijuaye kweli akaificha. Hukumu ya huyo si ngumu, na Amri ya Tisa imekwisha kumtaja. Twasema juu ya mtu aliyekuwapo mahali pale, aliyetazama kwa macho yake mwenyewe, asiye na chuki wala hongo, akasema kwa moyo safi neno ambalo halikuwa hivyo. Swali hili hutufikia mara nyingi katika mitaa yetu, aghalabu katika mambo ya mipaka ya mashamba na mambo ya ndoa, na kila mara twalijibu kwa haraka, kwa kuwa upande mmoja yupo shemeji na upande wa pili yupo jirani. Kwa hiyo safari hii tumechagua mfano wa mbali, usio na shemeji ndani yake. Ni mfano wa wachoraji waliokwenda kwenye mbio za farasi na penseli zao.

Kwetu farasi si mnyama wa kila siku. Mbung'o alimzuia asienee katika sehemu nyingi za nchi zetu, na hata leo wengi wamemwona katika picha tu, ingawa wenzetu wa Nairobi wanao uwanja wa mbio kando ya barabara ya Ngong, na watu wa Lamu hushindanisha punda. Aliyewahi kumwona punda akikimbia kwa nguvu ataweza kutufuata. Uingereza ni habari nyingine. Huko kuna mashindano yaitwayo Derby, yaliyoanza mwaka 1780 mahali paitwapo Epsom, kusini ya London, ambapo farasi wa umri wa miaka 3 hukimbia mwendo wa maili moja na nusu hivi. Juu ya kamari inayochezwa siku hiyo hatutasema neno leo. Jambo hilo ladai makala yake.

Mwaka 1820 Mfaransa mmoja, Théodore Géricault, alivuka bahari akaenda London kuonyesha picha yake kubwa ya watu walionusurika katika meli iliyovunjika. Alikuwa mtu aliyewapenda farasi mno. Mwaka uliofuata, 1821, aliichora Derby ya Epsom, na picha hiyo sasa imo katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Ndani yake mna farasi wanne wakipita chini ya mbingu nzito yenye mawingu meusi. Farasi hao wamenyoosha miguu yao yote: ya mbele imekwenda mbele kabisa, ya nyuma imekwenda nyuma kabisa, wala hakuna ukwato unaokanyaga majani. Ukiitazama, wausikia upepo. Hata hivyo hakuna farasi aliyewahi kupiga shoti namna hiyo tangu ulimwengu uumbwe.

Géricault hakuyabuni hayo peke yake. Waingereza waliomtangulia walichora vivyo hivyo kwa miaka mingi, na miongoni mwao alikuwamo George Stubbs, ambaye hakuna awezaye kumwita mvivu. Stubbs alikaa muda wa miezi 18 hivi katika nyumba moja ya shamba huko Horkstow akipasua mizoga ya farasi, akiondoa ngozi, kisha misuli tabaka baada ya tabaka, mpaka akafika mifupani, akichora yote aliyoyaona. Kitabu chake juu ya maungo ya farasi kilitoka mwaka 1766, na hata leo watu wanakistaajabia. Twaweza kusema kwamba hapakuwa na mchoraji aliyemjua farasi kumpita yeye. Na huyu naye, alipomchora farasi wa mbio aitwaye Baronet, alimnyooshea miguu yote minne hewani.

Ili kuelewa namna jambo hili lilivyotokea, hatuna budi kusimama kidogo kando ya uwanja pamoja na mchoraji. Ana daftari dogo mkononi na penseli. Farasi wa mbio aweza kwenda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16 hivi kila sekunde. Kwato zake hugusa ardhi moja baada ya nyingine, na mzunguko wote wa miguu minne hukamilika zaidi ya mara 2 katika sekunde moja. Mchoraji aona shingo, aandika mstari wa shingo. Akiinua macho tena, farasi amekwisha kupita, na mwingine amepita nyuma yake. Aona mgongo wa mpandaji ulivyoinama, auandika. Miguu haikamatiki. Ndiyo maana katika madaftari ya namna hii michoro mingi hubaki nusu: kichwa na kifua vimekamilika, na chini yake pana mistari miwili mitatu iliyotupwa tu, au pametupu.

Basi kweli ilijulikanaje? Ilijulikana Marekani. Mtu mmoja tajiri wa reli, Leland Stanford, aliyepata kuwa gavana wa California, alikuwa na farasi wengi, akataka kujua miguu yao inakwendaje. Inasimuliwa kila mahali kwamba aliweka dau la dola 25,000 juu ya swali hilo, lakini waliochunguza hawakupata ushahidi wowote wa dau hilo. Hadithi imeendelea kusimuliwa kwa sababu ni tamu. Stanford alimwajiri mpiga picha, Eadweard Muybridge, na mwezi wa Juni mwaka 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akatandika nyuzi kuikata njia hiyo. Jike la farasi liitwalo Sallie Gardner lilipita likipiga shoti, likazigusa nyuzi moja baada ya nyingine, na kila kamera ikapiga picha yake. Picha zilionyesha kwamba farasi kweli hupaa, kwa muda mfupi sana, pasipo ukwato hata mmoja kugusa ardhi. Lakini hupaa wakati miguu yote imekunjwa na kukusanyika chini ya tumbo. Inaponyooka, daima mmoja au zaidi umekanyaga chini.

Wengi walioziona picha hizo walicheka. Walisema farasi hao ni wabaya, wamekunjana kama wadudu, na kwamba kamera ndiyo yenye makosa. Hilo nalo twalijua. Mtu akizoea picha fulani ya jambo, kweli humjia ikiwa na sura ya uongo.

Sasa tuulize: jicho lilidanganyika wapi? Mguu wowote unaokwenda mbele na kurudi nyuma hupunguza mwendo unapofika mwisho, kabla ya kugeuka. Mahali hapo jicho hupata nafasi ya kuuona. Katikati hauonekani kwa mbio zake. Kwa hiyo mchoraji aliiona miguu ya mbele ikiwa imenyooka mbele, na hakudanganyika. Akaiona na miguu ya nyuma ikiwa imenyooka nyuma, wala hapo hakudanganyika. Yote mawili yalitokea. Tatizo ni kwamba hayakutokea kwa wakati mmoja. Jicho lilileta vipande viwili vya kweli, na moyo ukavishona pamoja, ukatoa mnyama asiyekuwako.

Hapa ndipo mfano wetu wa mbali unapoanza kukaribia nyumbani. Tuseme mtu amemwona kijana fulani amesimama mlangoni pa duka jioni, giza linaingia. Hilo ni kweli. Asubuhi anapita tena, anaona kufuli limevunjwa. Hilo nalo ni kweli. Wiki moja ikipita, mbele ya wazee, anasema: "Nilimwona akivunja duka." Wala hasemi kwa ubaya, na ukimwapisha ataapa bila kutetemeka, kwa kuwa sasa anaiona picha nzima mbele yake, kijana na nyundo na kufuli. Amechukua miguu ya mbele ya saa hii na miguu ya nyuma ya saa nyingine, akaitia katika mnyama mmoja. Hapo tofauti ni moja tu: picha ya Géricault haikumpeleka mtu gerezani.

Je, shahidi huyu ni mwongo? Wako wanaosema ndiyo, kwa kuwa lililosemwa si kweli. Sisi hatukubali. Neno uongo lina nia ndani yake, na tukiliita kila kosa uongo hatutabaki na jina la kumwita yule anayedanganya kwa makusudi. Lakini hatuwezi kumwacha aende zake akiwa safi kabisa. Alikuwa na deni, nalo ni kutwaa alichokiona na kukitoa jinsi alivyokiona, kipande kwa kipande, na mahali asipoona pabaki patupu, kama daftari la mchoraji linavyobaki patupu chini ya kifua cha farasi. Alikuwa na mchoro wa kweli usiokamilika, akautoa kwa picha iliyokamilika isiyo ya kweli.

Tena si yeye peke yake. Mchoraji hukamilisha miguu kwa sababu hakuna anayenunua farasi asiye na miguu. Hali kadhalika wazee, na wakuu wa familia, na sisi sote tunaosikiliza, tunataka habari nzima. Shahidi akisema, "Nilimwona mlangoni, sikuona zaidi," tunamkunjia uso. Tunamwuliza, "Kwa hiyo ni yeye?" Tunamwuliza mara ya pili na ya tatu, na kila mara mguu mmoja unaongezeka. Wako hata wenye kuleta methali, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali zetu twazipenda, ila hii imewaumiza wengi, na tungependa isitumiwe mahali ambapo jina la mtu linapimwa. Anayewasikiliza mashahidi angefanya vema kuomba daftari, si picha ya ukutani.

Yuko aliyeonyesha namna ya kulipa deni hili baada ya kosa kugunduliwa. Ernest Meissonier alikuwa mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, mtu mwenye fahari kubwa, aliyejisifu kwamba anaujua mwendo wa farasi. Alikuwa na haki ya kujisifu. Nyumbani kwake Poissy alijenga reli ndogo, akawa anaketi juu ya kigari kinachosukumwa sambamba na farasi anayepiga shoti, ili aweze kuchora miguu huku akienda naye. Mtu wa namna hii, Stanford alipomwonyesha zile picha huko Paris, angaliweza kusema kama wengine kwamba kamera imekosea. Hakusema hivyo. Alizikubali, na mwezi wa Novemba mwaka 1881 aliwaita wachoraji na waandishi wakuu nyumbani kwake ili Muybridge aje awaonyeshe kazi yake. Mzee wa miaka 66, mwenye sifa zote za nchi yake, anawakusanya wenzake ili waone kwamba wote, pamoja na yeye, walikuwa wamechora visivyo. Twajiuliza ni wangapi kati yetu wangeitisha mkutano wa namna hiyo.

Lakini haki yatudai tumsikilize na mtetezi wa Géricault. Huyu ni Auguste Rodin, mchonga sanamu. Katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1911 alisema kwa ufupi hivi: kamera ndiyo inayodanganya na mchoraji ndiye asemaye kweli, kwa sababu katika maisha wakati hausimami. Picha ya kamera humgandisha farasi, ukimwona utadhani amenyongwa hewani, haendi popote. Farasi wa Géricault wanakwenda. Mchoraji amezikusanya nyakati kadhaa katika mwili mmoja, na anayetazama hupata mbio zenyewe.

Hoja hii tumeifikiri sana, maana mwanzoni yaonekana kuuvunja mfano wetu wote. Ikiwa Rodin ana haki, basi hata shahidi wa duka aweza kusema, "Nami nimezikusanya nyakati." Jibu letu ni kwamba kila usemi una ahadi yake, na kabla ya kuuhukumu yatupasa kuuliza uliahidi nini. Picha ya Epsom haikumwahidi mtu kwamba itamwonyesha ukwato ulipokuwa saa fulani. Iliahidi mbio, nayo ilitoa mbio. Anayesema mbele ya wazee, "Nilimwona," ameahidi jambo jingine kabisa: saa hiyo, mahali hapo, mtu huyo. Hadithi ya bibi jikoni haina ahadi ya hakimu, wala hakuna anayemshitaki bibi kwa sababu sungura hasemi.

Tena kuna jambo ambalo Rodin angelipenda, kama angeliishi kuliona. Mwaka 1949, hapo hapo Epsom, farasi wawili, Nimbus na Amour Drake, walifika mwisho wakiwa karibu sana, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Derby mshindi akaamuliwa kwa picha ya kamera. Nimbus ndiye aliyeshinda. Watu hudhani kamera ya kazi hiyo hupiga picha ya nukta moja, lakini sivyo inavyofanya kazi. Hutazama kupitia ufa mwembamba, na huona mstari wa mwisho tu, basi. Katika kamera za zamani filamu ilipita nyuma ya ufa huo, na kila kitu kinachovuka mstari huandikwa kwa zamu yake. Pua ya farasi wa kwanza na pua ya wa pili, ijapokuwa ziko kwenye karatasi moja, si za wakati mmoja. Ukitazama miguu katika picha hizo utaona mingine imepindika kwa namna ya ajabu. Waamuzi wanalijua hilo, wala hawaiulizi picha habari za miguu. Wanaiuliza neno moja ambalo iliahidi kulijibu: nani alivuka kwanza? Na kwa neno hilo hutoa hukumu ambayo fedha nyingi zaitegemea.

Uaminifu wa shahidi, tukiufikiri hivi, si kuona kila kitu. Alfred Munnings, Mwingereza aliyekuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa tangu 1944 hata 1949, alipoteza jicho lake la kulia mwaka 1898, akiwa kijana wa miaka 20; alikuwa akimpitisha mbwa juu ya ua wa miti, na mwiba ukamharibu jicho. Kwa jicho moja akawa miongoni mwa wachoraji wa farasi wanaosifiwa kuliko wote nchini mwake. Siku za mbio huko Newmarket alipenda kwenda na vifaa vyake mahali pa kuanzia. Kabla ya mbio farasi hawatulii: wanazunguka, wanatupa vichwa, wanarudi kinyumenyume, wapandaji wanavuta hatamu, mashati ya rangi rangi yanang'aa juani. Hapo jicho lina kitu cha kushika. Mengi ya michoro yake mizuri ni ya hapo. Wako wanaoona kwamba mchoraji wa mbio anayechora kuanza kwa mbio amekwepa kazi ngumu. Sisi twaona ni kama shahidi asemaye, "Mimi nilikuwa mlangoni tu, habari za ndani waulizeni waliokuwa ndani." Maneno hayo hayampi mtu sifa barazani.

Tumtaje na Edgar Degas, maana yeye alikaa na swali hili muda mrefu kuliko wengine. Mwaka 1866 alionyesha Paris picha kubwa ya mbio za kuruka viunzi: kijana mpanda farasi ameanguka, amelala chali juu ya majani, na farasi wanapita juu yake. Wakati huo Degas alikuwa bado kijana, na hakuna aliyekuwa ameona picha za Palo Alto. Mwaka 1887 Muybridge alitoa mkusanyo mkubwa wa picha za wanyama na watu wakitembea na kukimbia, na Degas akachora kwa kufuata baadhi ya hizo, polepole, kama mwanafunzi, ingawa alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 50. Ile picha ya kijana aliyeanguka hakuiuza. Alikuwa amekwisha kuirudia mwaka 1880 na 1881, akabadilisha mambo. Mnamo 1897 akaishika tena. Kati ya miaka hiyo ya mwisho alichora na nyingine juu ya habari ile ile, yenye farasi mmoja tu na mtu mmoja chini. Ile ya kwanza ilikuwa bado chumbani mwake alipokufa mwaka 1917. Sasa iko Washington, na alama za kurudiwa kwake zaonekana juu ya rangi. Kijana bado amelala chali, na farasi asiye na mpandaji bado anaruka juu yake.